Kelele ya Gurudumu la Kushoto

Mountain View, Nairobi,
Jumapili, 17 Julai 2005.

Kwako Baba Nzula,

Pokea salamu zangu kutoka huku Nairobi, salamu za mtu ambaye angependa kukupa mkono kuliko kukupa karatasi. Natumai barua hii inakukuta ukiwa mzima huko Mwala, wewe na Mama Nzula na watoto, na kwamba Nzula amepona kile kikohozi ulichoniambia. Nasikia mahindi ya upande wenu yalikauka kabla hayajafika magotini. Kama ni kweli, poleni sana. Mimi mwili wangu ni mzima. Nasema mwili kwa sababu hayo mengine siwezi kuyasemea.

Hii ni barua ya tatu ninayokuandikia. Ya kwanza niliirarua kabla sijaimaliza. Ya pili niliifikisha hadi posta, nikapanga foleni mpaka nikafika dirishani, yule mama akaninyooshea mkono aipokee, nami nikageuka nikatoka nayo. Hii siipeleki posta. Nampa Mwanzia, yule kondakta wa basi la kwenu, aniapie kwamba atakukabidhi mkononi kabla ya Jumamosi. Kwa nini kabla ya Jumamosi, utaelewa ukifika mwisho. Nakuomba jambo moja tu: uisome yote, hata ukifika mahali ambapo mkono utataka kuikunja.

Gereji iko palepale kando ya Waiyaki Way. Mzee Kiragu ameizungushia mabati mapya upande wa barabara, na lile shimo la kukagulia magari lilijaa maji mwezi wa tano tukakaa siku mbili tukiyachota kwa ndoo. Wateja bado wanakuulizia. Mtu anaingia, anatazama huku na huku, anasema, “Yule Mkamba wa breki alienda wapi?” Mwanzoni Mzee alikuwa akiwajibu. Siku hizi anajifanya hakusikia. Mimi nami nilikuwa nikiinama chini ya boneti, hata kama gari hilo halina shida yoyote kwenye injini.

Sasa nikueleze habari ya gari la Mwalimu Everlyn, ile Toyota nyeupe. Najua hujalisahau. Mwalimu ni jirani yetu, geti la tatu ukitoka gereji, na kila asubuhi huendesha mwenyewe kwenda kufundisha Karen. Siku ile ya Jumamosi mwezi wa nne ulimbadilishia diski na pedi za mbele, kulia na kushoto. Mimi nilikuwa nakupokeza spana. Ulifanya kazi ile polepole kama kawaida yako, ukasafisha kila kitu kwa brashi, ukapaka grisi pale panapostahili tu, ukalizungusha gari mtaani mara mbili na vioo vikiwa chini ili usikie. Halikutoa hata mlio. Ukatundika ufunguo kwenye msumari ofisini, ukaniambia Mwalimu atalichukua Jumatatu, kisha ukanawa mikono ukakimbilia basi, kwa sababu mjomba wako alikuwa anazikwa.

Hayo unayajua. Usiyoyajua vizuri ni yaliyotokea wiki ile ulipokuwa matangani, maana uliporudi uliyakuta yameshaiva.

Mwalimu alichukua gari Jumatatu. Jumanne jioni akalirudisha. Alisema akikata kona kuingia shuleni, gurudumu la mbele la kushoto linalia kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko cha chuma. Mzee Kiragu alimtuliza, akamwambia pedi mpya hupiga kelele kidogo mpaka zizoeane na diski, lakini akaniamuru niliinue nitazame. Nikaweka jeki, nikatoa gurudumu. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, kisha akaitwa na mteja mwingine. Aliporudi nilikuwa nimemaliza. Nikamwambia kwamba zile klipu ndogo zinazoshikilia pedi hazikukaa sawa, nimezipanga upya. Tukalijaribu, likanyamaza. Mzee akatikisa kichwa, akasema hakuwahi kufikiria atasikia neno kama hilo juu ya kazi yako, kazi ya Nzuki.

Wiki iliyofuata, siku ileile uliyorudi kazini, Mwalimu akaja tena. Safari hii haikuwa kelele ya chuma. Alisema ni kama kiatu cha raba kikisuguliwa kwenye sakafu yenye maji, inasikika tu usukani ukiwa umekatwa kabisa kulia, gari likienda taratibu. Wateja walikuwa wamejaa pale. Alisema mbele yao wote, “Mzee Kiragu, nilikuletea gari ya kuendesha. Sasa naogopa kuipanda.”

Ukaja ukiwa bado na begi la safari begani. Sihitaji kukukumbusha Mzee alivyokupokea, lakini nahitaji ujue kwamba nilisikia kila neno. Alisema breki si kazi ya kubahatisha. Alisema klipu zilikutwa zimelegea, na aliyezikuta ni Mbuthia, uliyemfundisha mwenyewe. Wewe ukamwambia, “Hizo klipu nimeweka na hii mikono yangu.” Ukaomba uinue gari ulitazame, dakika kumi tu. Mzee akakataa, akasema hutagusa tena gari la mteja wake. Nami nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwako, nimeshika tambara.

Ulipokusanya vitu vyako ulipita kwangu. Nilidhani utanitukana. Badala yake ulinipa mkono ukaniambia, “Mbuthia, chunga huyo mama wa watu. Hiyo kelele si ya pedi.” Kisha ukaenda zako.

Baba Nzula, tangu siku hiyo sikutulia. Mzee alinipa gari lile nilishughulikie mpaka lipone, na nililishughulikia kwelikweli, jambo hilo nakuapia. Nilitoa pedi nikazipiga msasa kwenye kingo. Nikanunua pedi nyingine. Nikaosha diski, nikapaka grisi pini zake, nikabadilisha beringi ya gurudumu ambayo haikuwa na neno. Kila mara likiwa juu ya jeki nalizungusha gurudumu kwa mkono, kimya. Nakata usukani huku na huku, kimya. Nalishusha, Mwalimu anaondoka, baada ya siku tatu au nne anapiga simu kwamba kelele imerudi.

Nikaanza kuisikia hata mahali isipokuwepo. Kanisani mtu akivuta benchi nyuma yangu, nageuka. Cherehani ya jirani ikifanya kazi, nanyamaza kusikiliza. Chakula kilinishinda. Nilikuwa nikitoka kazini nasimama kando ya Waiyaki Way magari yakipunguza mwendo kwenye matuta, nasikiliza breki za watu nisiowajua, moja baada ya nyingine, mpaka mahindi ya yule mama anayechoma pale yanaisha na yeye anafunga jiko lake. Nyawira, yule msichana ninayetaka kumwoa, aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni kazi nyingi.

Mwishoni mwa mwezi wa sita nikaenda mjini, Kirinyaga Road, kumwona Okinyi, yule mzee anayeuza spea katika kile kiduka chembamba ambacho wewe ulinipeleka mara ya kwanza. Nilitembea kutoka stendi nikipenya kati ya wachuuzi, nimefunga zile pedi za zamani kwenye gazeti. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakunywa chai. Akafungua gazeti, akazitazama pedi pande zote, akazipitishia kidole. Akasema hazina kosa, tena aliyezifunga alijua kazi.

Nikamweleza yote niliyofanya. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia, eti natafuta kelele hiyo gari likiwa wapi. Nikasema likiwa juu ya jeki. Akacheka kidogo, akasema, “Wewe kijana, gari ikiwa juu ya jeki, miguu yake inaning'inia. Kila kitu kinajinyoosha. Mama wa watu haendeshi ikiwa hewani. Iweke chini, ikate kona ikiwa imebeba uzito wake, halafu ulale chini uangalie nini inagusa nini.”

Nilipokuwa nafunga gazeti langu, akaongeza la pili. Akauliza kama gari hilo limewahi kugonga kitu au kuingia mtaroni. Nikasema sijui.

Nilitoka pale mbio. Nilikuwa nimeshaelewa nini kinagusana na nini. Nilimpigia Mwalimu simu mara tatu, ikawa imezimwa, maana huizima akiwa darasani. Nikaenda moja kwa moja hadi Karen. Nilipofika kwenye geti la shule watoto walikuwa wakitoka, na Mwalimu alikuwa tayari anafungua mlango wa gari, amebeba madaftari kifuani.

Nilimwomba asiendeshe. Akaniuliza kwa nini. Hapo ndipo nilipopaswa kusema, Baba Nzula. Nilisema tu kwamba kuna kitu nataka kukikagua. Akajibu kwamba mama yake ni mgonjwa nyumbani, msichana anayemtunza anataka kuondoka saa kumi na moja, na kama ninataka kusikiliza kelele niingie tusikilize pamoja njiani. Nikamwomba basi niendeshe mimi. Akasema, “Wewe kazi yako ni masikio leo.” Nikaingia. Nilikubali kuingia nikakaa kando yake kama mtu asiyejua chochote.

Kutoka getini pale lazima ukate kulia kabisa. Alipokata, nikaisikia kwa masikio yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, ile raba inayosuguliwa, halafu mwishoni kitu kama mtu kutema mate. Mwalimu akasema, “Umesikia?” Nikamwambia asimame. Akasema atasimama mbele, pale barabara ni nyembamba na magari ya wazazi yako nyuma yake. Tulikuwa tumeshaanza kuteremka kuelekea kwenye lile daraja dogo.

Mbele yetu kulikuwa na mtu anasukuma mkokoteni wa mitungi ya maji. Mwalimu akakanyaga breki. Nikaona goti lake likishuka mpaka mwisho. Gari likashika upande mmoja tu, likavutwa kulia, kule yanakotoka magari mengine. Mwalimu hakupiga kelele. Alirudisha usukani kushoto kwa nguvu zake zote, akaingiza gia ya chini, mimi nikavuta hendibreki kwa mikono miwili. Mwenye mkokoteni alitazama nyuma, akauachilia akaruka mtaroni. Tulimpita, mitungi ikapasuka nyuma yetu, na gari likaingia kwenye ua wa miiba wa watu mpaka likasimama na pua yake ndani ya bustani.

Hakuna aliyekufa. Mwenye mkokoteni alichubuka viwiko, na kwa muda mrefu alikuwa anasema neno moja tu, “Aki, aki, aki,” yaani haki ya Mungu. Mimi nilipasuka juu ya jicho. Mwalimu alivunjika mkono wa kushoto, hapa kwenye kifundo karibu na kiganja. Madaftari ya watoto yalikuwa yametawanyika miguuni mwetu, mengine yana damu yangu.

Nilishuka nikalala chini. Mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu la kushoto, ulikuwa umechomoka kwenye kishikio chake. Kila gari lilipokata kulia likiwa na uzito wake, mpira ule ulikuwa unasuguliwa na tairi. Ulikuwa umelika kidogo kidogo wiki kumi nzima, na siku ile ukatoboka. Mafuta ya breki yalikuwa yanachuruzika kwenye majani.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye nyasi, ameushika mkono wake uliovunjika kwa ule mzima, uso umekuwa kama majivu. Alinitazama nikitoka chini ya gari. Akaniuliza, bila kupandisha sauti, “Mbuthia, hii kelele umeijua tangu lini?”

Nikamjibu, “Tangu siku ya kwanza, Mwalimu.”

Nikamwambia. Na sasa nakwambia wewe, ambaye ulistahili kuambiwa kabla yake.

Jumamosi ile uliyokimbilia basi kwenda kumzika mjomba wako, Mzee Kiragu naye aliondoka saa nane akaniachia funguo za gereji. Siku hiyo nilikuwa nimealikwa kwa mara ya kwanza nyumbani kwa kina Nyawira, kule Kinoo. Unajua baba yake, Mzee Mwaura, ana zile nyumba za kupangisha, na nilikuwa nimesikia kwamba dada yake Nyawira ameolewa na mtu mwenye gari. Nilisimama mbele ya ule msumari nikautazama ufunguo wa Toyota nyeupe. Nikajiambia ni mwendo mfupi. Nikajiambia hata Nzuki amelijaribu barabarani. Nikavaa shati safi nikaondoka nalo.

Walinipokea vizuri. Niliegesha mahali ambapo kila mtu angeliona. Sikusema kwamba ni langu, lakini mtoto mmoja aliposema “gari ya Mbuthia”, sikumsahihisha. Wakati wa kuondoka familia nzima ilitoka kunisindikiza, nami nikataka kugeuza kwa madaha. Gurudumu la mbele la kushoto likakosa ubao wa kuvukia, likatumbukia mtaroni. Kishindo chake nakisikia hadi leo. Mzee Mwaura mwenyewe alikunja suruali akaingia kwenye matope kunisaidia kuliinua.

Nililiosha kabla ya giza. Nililitazama kwa juu, sikuona mbonyeo wowote, nikashukuru Mungu. Jumanne Mwalimu alipolirudisha na mimi nikatoa gurudumu, niliona mara moja. Lile bati la kukinga vumbi nyuma ya diski lilikuwa limepindika, linakwaruza. Mzee alipoitwa na mteja, nililinyoosha kwa bisibisi, upesi upesi. Sikutazama kitu kingine. Kama ningetazama ningeuona mpira umetoka mahali pake. Lakini sikuwa natafuta ugonjwa wa gari. Nilikuwa natafuta mahali pa kuficha ugonjwa wangu. Mzee aliporudi akauliza tatizo lilikuwa nini, neno lililokuwa karibu na ulimi lilikuwa klipu. Klipu zako hazikuwa zimelegea, Baba Nzula. Zilikuwa zimekaa kama ulivyoziacha. Nilisema uongo, na kwa uongo huo ukafukuzwa mbele ya watu ukiwa na matope ya kaburi la mjomba wako kwenye viatu.

Hata baadaye, nilipokuwa nikihangaika na msasa na beringi, nadhani sehemu ya moyo wangu ilijua. Ule mpira niliuona mara nyingi. Niliona umening'inia chini kidogo kuliko wa kulia, nikajiambia huenda ndivyo ulivyo. Ningeukubali ule, ingebidi nikubali na mtaro, na nikikubali mtaro, ingebidi nikutafute wewe. Kwa hiyo nilitafuta kila mahali pengine.

Tulipotoka hospitali siku ile nilikwenda kwa Mzee Kiragu. Nilimkuta anafunga milango. Nilimweleza nikiwa nimesimama, na plasta juu ya jicho. Hakunipiga, ingawa ningependa anipige. Alikaa kwenye kile kiti cha gari kilichong'olewa, akavua kofia. Kisha akasema, “Yule mtu aliniomba dakika kumi. Dakika kumi, Mbuthia, na nikamnyima.” Amejaribu kukupigia simu siku nyingi, haipatikani. Ndiyo maana ameamua kuja mwenyewe. Jumamosi ijayo atakuwa Mwala. Nilimwomba aniruhusu barua itangulie, ili jambo hili ulisikie kwangu na si kwake. Alikubali.

Anataka urudi. Pia alisema wewe ndiye utakayeamua kama mimi nitashika tena spana pale. Nilikataa. Nilimwambia nimeshakubebesha mzigo wangu mmoja, siwezi kukubebesha na huo wa kunihukumu mbele yake. Nimeacha kazi. Kwa sasa nasaidia kupakua mawe na mchanga kwa mtu wa vifaa vya ujenzi hapa Kangemi. Kwa hiyo ukirudi, usihofu kwamba utanikuta pale. Na kama hutaki kurudi, mwambie Mzee hivyo usoni, atakuelewa. Anasema yuko tayari kusimama mbele ya wateja walewale, wote atakaowapata, aseme alikukosea.

Nyawira nimemwambia. Na baba yake vilevile, kwa sababu nilikuwa nimechoka kubaki na watu wa kudanganya. Nilidhani Mzee Mwaura atanifukuza kwake. Alinitazama, akasema, “Sisi tulijua hiyo gari si yako. Mwenye gari ikiingia matopeni anaangalia gari. Wewe ulikuwa unaangalia sisi.” Alisema aliniheshimu siku ile kwa sababu niliomba msamaha kwa kumchafulia suruali. Nyawira hakujali habari za gari. Aliniuliza tu, huyo Nzuki ana watoto wangapi. Nilipomwambia wanne, alinyanyuka akaingia ndani, na tangu siku hiyo hajasema nami zaidi ya salamu. Simlaumu.

Mwenye mkokoteni nimempata, anaitwa Odhiambo. Nimemnunulia mitungi mingine, na tunaamkiana vizuri. Mwalimu Everlyn amefungwa plasta mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Nilipokwenda kumwona nilimkuta anasahihisha madaftari kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa juu ya mto. Mama yake mzee aliniuliza kama mimi ndiye fundi. Mwalimu akajibu kabla sijafungua mdomo, akasema hapana, fundi yuko safarini. Nilitoka pale machozi yananitoka, nikazunguka mtaa mzima ndipo nikaweza kurudi kwangu.

Sitakuomba unisamehe katika barua. Neno hilo nitakuja kulisema nikiwa nimesimama mbele yako, siku utakayoniruhusu, nawe utakuwa na haki ya kufunga mlango. Sikuandikii ili moyo wangu upumzike. Haujapumzika, na sijui kama ninataka upumzike upesi hivyo. Nimeandika kwa sababu huenda kuna watu huko Mwala wanaokutazama kama fundi aliyefukuzwa kwa kazi mbovu. Wasomee barua hii. Msomee Mama Nzula. Msomee na mama yako, kama macho yake bado yanamsumbua.

Nisalimie wote kwa majina yao, na Nzula mwambie asome kwa bidii. Msalimie na Mwanzia, maana atakuwa amesimama hapo mlangoni akingoja kuona kama umeipokea.

Mwalimu naye ameniagiza salamu zake. Nilipomwuliza gari lake litengenezwe na nani, alisema hakuna mtu atakayeligusa. Liko gereji mpaka sasa, limefunikwa turubai, gurudumu la mbele la kushoto limetolewa. Anapanda mabasi mawili kwenda Karen na ule mkono wake. Anasema atakungoja.

Mimi niliyekukosea,

Mbuthia.